Benzi Halinunuliwi Limeshiba

Mwenyekiti Methusela alikuwa amewalaani wabenzi kwa miaka kumi na miwili, tena jukwaani, tena kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza. Kwa hiyo siku aliposimama mbele ya mkutano wa kijiji pale Nyakahura akatangaza kwamba kijiji kinakwenda kununua Benzi, watu walitazamana. Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia nyuma aliamka akauliza kama Azimio la Arusha limefutwa.

Azimio halikufutwa. Ilikuwa Februari ya mwaka sabini na tisa, vita vya Kagera vimepamba moto, na kila lori, kila Land Rover, hata gari bovu la ushirika, vilikuwa vimechukuliwa kwenda kubeba askari na unga wao. Kilichobaki wilayani Biharamulo chenye magurudumu manne kilikuwa ni magari ya starehe, yale ambayo jeshi liliyatazama, likacheka, likayaacha. Na kijiji kilitaka gari la kupeleka wagonjwa hospitali. Fedha zilikuwepo, za mashine ya kusaga na za maharage ya shamba la pamoja.

"Benzi la mtu mmoja ni ubepari," Methusela alieleza akiwa amenyoosha kidole juu. "Benzi la kaya mia nne ni maendeleo!"

Watu walipiga makofi. Ilikuwa hotuba nzuri, sitamnyima haki yake. Ila majirani zake walisema wiki ile alipiga pasi suruali moja mara tatu.

Aliyekaa kimya mkutano mzima ni Deodata. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye jicho la kupima, na binti yake Evarista alikuwa na mimba ambayo ingefika mwisho katikati ya masika. Miaka miwili nyuma Evarista alikuwa ameshikwa na uchungu uliokataa kuisha. Wanaume walimbeba kwa machela, wakipokezana mabega, hadi njia panda ya Lusahunga kutafuta gari la kwenda Biharamulo. Walikaa pale kando ya barabara tangu asubuhi. Mtoto alizaliwa kwenye nyasi, akiwa ameshanyamaza. Sasa mume wa Evarista, Emilian, alikuwa vitani ng'ambo ya mto Kagera, na kabla hajaondoka alimshika mama mkwe wake mikono yote miwili. Deodata aliapa moyoni kwamba binti yake hatakaa tena kando ya barabara. Alitaka gari ambalo ukiliita linaamka. Rangi hakuwa na habari nayo.

Aliingizwa kwenye kamati ya kununua gari kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa ya wanawake, nao walisema wazi kwamba pasipo Deodata fedha haitoki. Walikuwa na sababu. Baba yake alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, hana mtoto wa kiume, akamzoesha binti kutembea naye minadani tangu akiwa na meno ya utoto. Katika mnada wa Nyakahura walikuwepo wanaume wenye ndevu waliosubiri kuona Deodata amesimama mbele ya ng'ombe gani ndipo nao wasogee.

Basi kamati ikaenda Biharamulo mjini. Alikuwepo Methusela na suruali yake, wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubali, Deodata, na Minani. Huyu Minani alikuwa dereva, Mhangaza wa Bugarama kule Ngara, aliyeachwa mikono mitupu lori lake lilipokwenda vitani. Kamati ilimchukua ili awepo wa kulirudisha gari nyumbani.

Muuzaji aliitwa Gozbert. Alikuwa dalali aliyetoka upande wa Bukoba, mnene, mcheshi, mwepesi wa kuagiza soda kabla hujakaa. Alinunua magari kwa watu waliokuwa wakihama, akayauza kwa waliobaki, na kila mwezi alifika mnada wa Nyakahura kununua madume ya bucha zake. Uani kwake kulikuwa na Benzi jeupe linang'aa mpaka ungeweza kujitazama ubavuni mwake ukanyoa ndevu. Viti vilikuwa vya ngozi nyekundu. Redio ilikuwa inaimba, na injini ilikuwa tayari inaunguruma taratibu.

"Shikamoo mama," Gozbert alimwamkia Deodata kwa adabu zote.

"Marahaba, mwanangu."

Methusela alikuwa ameshaingia. Alikaa kiti cha nyuma, akaweka mkono dirishani, akatazama mbele kwa uso wa mtu anayechelewa mkutano wa mkoa. Wajumbe wawili walikubali kwamba limempendeza.

Deodata alilizunguka gari mara moja. Kisha aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Huyu mbona ana homa?"

Gozbert alicheka. "Nimeliwasha mapema, mama, kwa heshima yenu. Mgeni hapokewi na gari lililolala."

"Na siku zisizo na wageni linawaka lenyewe?"

"Ukiligusa tu."

Nje ya geti Deodata aliona Benzi jingine. Lilikuwa la kahawia iliyoiva, ile rangi ambayo wafugaji kwa ng'ombe huiita bihogo, limepauka mgongoni, bampa limepinda, tope hadi madirishani.

"Na lile?"

"Lile?" Gozbert alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Kopo tu lile, mama. La dizeli, linanguruma kama mashine ya kusaga. Hata nusu ya bei ya hili jeupe siipati."

Methusela alicheka sana kutoka kiti cha nyuma, na wajumbe wakamsaidia. Deodata hakucheka. Alikuwa amesikia kila neno akaliweka akiba.

Methusela alitaka walipe palepale. Bei ilikuwa sawa na ng'ombe arobaini, yaani karibu kila kilichokuwa ndani ya mfuko wa kijiji. Deodata alikataa.

"Baba yangu aliniambia ng'ombe hanunuliwi ameshiba," alisema. "Muuzaji mjanja humlambisha chumvi usiku kucha, asubuhi humnywesha maji, tumbo likajaa, wewe ukadhani umeona nyama. Ng'ombe anatazamwa anapoamka. Nitakuja alfajiri."

"Mama Evarista, hili ni gari!" Methusela alisema. "Halilambi chumvi. Mchagua jembe si mkulima, na wewe utachagua mpaka tununue baiskeli."

Gozbert, kwa huzuni kubwa, alisema kuna mtu anatoka Ngara kesho mchana analitaka gari lile lile, na kwamba geti lake linafunguliwa saa nne, si alfajiri. Wakakubaliana saa nne. Kamati ikaenda kulala kwa ndugu wa mjumbe mmoja, na njia nzima Methusela alikuwa akipiga mluzi ule wimbo wa kwenye redio.

Kulipopambazuka Deodata alijitanda khanga kichwani, akabeba kikapu, akatoka kama bibi yeyote anayewahi sokoni. Hakuhitaji kugonga geti la Gozbert. Benzi jeupe lilikuwa nje, barabarani, limekufa kabisa, na nyuma yake wanaume wawili wanahema. Mmoja alikuwa ameshika birika la maji ya moto.

"Shikamoo bibi," alisema mwenye birika. "Utapita hivi hivi? Tusaidie bega."

Deodata akaweka kikapu chini, akasukuma. Walilisukuma hadi kwenye kona, halikuwaka. Wakalirudisha, wakalisukuma tena.

"Ni gonjwa?" aliuliza kwa sauti ya bibi asiyejua kitu.

"Linakunywa maji kuliko ng'ombe wa kiangazi, na hayaonekani yanakokwenda," alijibu yule mwingine. "Lakini bosi anataka liwe linaimba kabla ya saa nne. Kuna wanakijiji wa Nyakahura wanakuja kulichukua. Mwenyekiti wao amelipenda mpaka amesahau jina lake."

"Na likizimika?"

"Likizimika hapa, tunasukuma sisi. Likizimika Nyakahura, watasukuma wao."

Wakacheka wote watatu, na Deodata ndiye aliyecheka kwa kirefu. Mara ya tatu gari lilikohoa, likatoa moshi mweupe mzito wenye harufu ya mvuke, likaanza kutetemeka. Mwenye birika alimshukuru bibi akampa ndizi mbili.

Alikuwa anaokota kikapu chake alipoona Benzi la kahawia linakuja kutoka upande wa mashambani. Usukani alikuwa ameshika Gozbert mwenyewe. Nyuma kulikuwa na magunia ya mkaa, kwenye kiti cha mbele alikaa mkewe na kuku wanne, na gari lilikuwa linapanda mwinuko wa pale bila kulalamika. Gozbert alisimama, akazima, akafoka kuhusu moshi. Halafu mkewe akamkumbusha jambo, naye Gozbert akarudi kwenye gari, akaliwasha kwa mkupuo mmoja, akaondoka. Deodata alivuta khanga usoni, akasogea hadi mahali lilipokuwa limesimama. Udongo ulikuwa mkavu. Hapakuwa na hata tone la oili.

Mtu huyu, alifikiri, anauza maziwa yaliyoharibika na nyumbani kwake anakunywa mazuri. Moyo wake ulijaa furaha ya kale, ile ya mnadani, ya kumwona ng'ombe mwema kabla wengine hawajageuza shingo.

Alipomweleza Methusela, mwenyekiti hakuamini. Alisema alfajiri kuna ukungu, na mtu mzima huona mengi. Alisema pia kwamba wanawake wengine wanapenda kushinda. Deodata alimwacha amalize. Aliomba jambo moja tu: kabla fedha haijatoka mfukoni, kamati impe muda wa kukaa kidogo na gari. Kwa kuwa walikuwa wamepewa soda jana na walitarajia soda leo, kamati ilikubali.

Saa nne Benzi jeupe lilikuwa uani linang'aa na kuimba. Deodata akamsalimu Gozbert, akachukua kigoda, akakaa mbele ya boneti.

"Zima, mwanangu."

"Nizime?"

"Ng'ombe aliyejazwa maji hasutwi kwa maneno. Unakaa naye tu, na tumbo linarudi lenyewe. Zima, tunywe soda."

Gozbert akazima, kwa uso wa mtu anayetoa jino. Wakanywa soda. Wakamaliza. Jua lilipanda, likahama, kivuli cha mikaratusi kikafika uani, na Deodata akawatolea ndizi mbili alizopewa alfajiri wakagawana. Gozbert alizungumza habari za vita, habari za bei ya kahawa, habari za yule mtu wa Ngara ambaye angefika wakati wowote. Mtu wa Ngara hakufika. Kila robo saa Deodata alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akarudi kukaa. Methusela alitazama saa yake mara nyingi sana hadi mjumbe mmoja akamuuliza kama imesimama.

Ilipofika saa tisa kasoro, boneti ilikuwa ya baridi.

"Minani," alisema Deodata, "muamshe."

Minani akaingia, akapiga stata. Gari likalia kama mbuzi anayevutwa mkia, likanyamaza. Akapiga tena. Mara ya nne hata mlio haukutoka. Alishuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyokuwa kwenye kijiti ilikuwa nyeupe, nzito, kama uji wa mtoto.

"Mawe!" Minani akasema kwa lugha ya kwao, yaani mama yangu. "Maji na oili vimeoana humu ndani, mama. Injini hii imepasuka tumbo."

Methusela alikitazama kile kijiti kwa muda mrefu. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze uenyekiti wake haikutoka hotuba.

"Betri tu hiyo," Gozbert alisema. "Vijana watalisukuma kidogo—"

"Tutalisukuma," alisema Deodata, akajitanda khanga kichwani kama alfajiri ile. "Mimi kona ninaijua. Mara ya tatu ndipo linakohoa, sivyo?"

Mwenye birika, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama vizuri. "Bibi wa ndizi!" alisema, akaziba mdomo kwa mkono, amechelewa.

Wajumbe wawili walianza kucheka, tena bila kusubiri mwenyekiti acheke. Gozbert alijifuta jasho. Deodata hakumtukana. Muuzaji wa ng'ombe hatukanwi, maana utakutana naye mwezi ujao. Alimwelekea kwa upole ule ule wa jana.

"Mwanangu, leo asubuhi ulitoka nyumbani kwa gari gani?"

Wote waligeuka kulitazama lile la kahawia nje ya geti.

"Ulilipakia mkaa, na mama watoto, na kuku wanne. Ukalizima, ukaliwasha, likaitika. Sisi tunalitaka hilo unalopanda wewe."

"Lile siuzi, mama," alisema, na safari hii alisema kweli. "Lile ni langu."

"Jana uliliita kopo. Ukasema hata nusu ya bei ya hili huipati. Mwenyekiti, ulisikia?"

"Nilisikia," alisema Methusela, sauti yake imerudi.

"Nanyi?"

Wajumbe walikuwa wamesikia. Minani alikuwa amesikia.

Sasa, msomaji, ukumbuke desturi ya mnada wa Nyakahura tangu enzi za baba yake Deodata. Bei ikishatoka mdomoni mwa mwenye mali mbele ya mashahidi watatu, hairudi tumboni. Mtu anaweza kuikana, hakuna atakayempiga. Lakini akiikana, mwezi unaofuata atazunguka mnada mzima na hakuna atakayemuuzia hata mkia. Gozbert alikuwa na bucha tatu zinazomsubiri. Alisimama akamtazama Deodata, akawatazama mashahidi mmoja mmoja, akalitazama Benzi lake la kahawia kama mtu anayeaga. Kisha, nadhani bila kupenda, akacheka.

"Ningekumbuka wewe ni binti wa nani," alisema, "jana ningefunga mdomo."

"Nusu," alisema Deodata. "Ng'ombe ishirini. Na kesho alfajiri nitakuja kwako nilione lilipolala."

Alikwenda kweli, maana hakuwa mtu wa kumwamini ng'ombe kwa kuwa tu mwenzake ni mgonjwa. Alikuta umande juu ya bati la gari na udongo mkavu chini yake. Minani aliwasha, ilibidi kusubiri kidogo hadi plagi zipate moto, kisha likanguruma, likatoa moshi mweusi, moshi ukapungua, ukaisha. Minani alisoma namba iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, na mjumbe mmoja akazifuata kwenye kadi hadi zikalingana. Walipanda wote sita, Gozbert akiwa katikati, wakapandisha kilima cha Boma, wakazima juu kabisa, wakawasha tena.

"Ana kilema gani?" Deodata aliuliza.

"Gia ya pili ngumu," alisema Minani. "Unaibembeleza. Na mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani."

"Vizuri. Asiye na kilema ana muuzaji mwongo. Lipa, mwenyekiti."

Nusu iliyobaki ilinunua matairi manne, kamba ya kuvutia, na mapipa ya dizeli ambayo yangelisha mashine na gari kwa pamoja. Walifika Nyakahura jioni. Watu walikuwa wamejipanga kulipokea Benzi, na nyuso zao zilianguka walipoliona. Wengine walisema kamati imeuziwa mbuzi kwenye gunia. Methusela, aliyechagua kiti cha nyuma cha kushoto kwa ajili ya heshima, alibaki ndani akihangaika na mlango huku umati ukimtazama, mpaka Minani akaenda kumfungulia. Wanawake wa mashine ndio waliolizunguka, wakasikiliza linavyonguruma, wakaitambua sauti. Walilipa jina la Bihogo siku ile ile.

Masika yalikuja na hasira. Asubuhi moja ya Aprili, wiki ya kuelekea Pasaka, mvua ilikuwa imeshinda inanyesha tangu juzi na baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Evarista aliinuka kwenda kukoka moto akashika mlango. Deodata alimwona uso tu, akajua. Alitoka mbio na khanga moja, akavuka matope, akamkuta Minani anakunywa uji.

"Muamshe!"

Bihogo alikuwa chini ya paa la nyasi la mashine, ubaridi umemkaa mwili mzima. Minani akageuza ufunguo, akasubiri plagi. Deodata alisimama kwenye mvua akihesabu pumzi zake mwenyewe. Kila kitu alichowahi kukisema kuhusu ng'ombe, na kukaa kwake mbele ya boneti siku nzima, na dharau zote za Methusela, vilikuwa vimekusanyika kwenye kidole cha Minani. Aliona tena zile nyasi za Lusahunga. Kama huyu haamki, aliwaza, nitambeba mwanangu mgongoni.

Bihogo akanguruma. Mara moja tu, kama alivyokuwa akiitika nyumbani kwa Gozbert.

Deodata alipiga kigelegele peke yake kwenye mvua, na kutoka nyumba za jirani wanawake wakakidaka bila kuuliza sababu.

Methusela alikuja na jembe la kuchimbulia tope, suruali ameikunja magotini, akasema atakaa mbele ili ashuke kusukuma ikibidi. Haikubidi. Waliipita njia panda ya Lusahunga bila kupunguza mwendo. Evarista alikuwa amelaza kichwa mapajani kwa mama yake, macho amefumba.

"Ni wapi hapa?" aliuliza.

"Tumeshapapita," alisema Deodata.

Kwenye mpando wa mwisho kabla ya mji walikuta gari jeupe limesimama pembeni, boneti wazi, mvuke unapanda kukutana na mvua. Kando yake alisimama mtu mnene na sufuria mkononi. Habari za ule uji wa kwenye kijiti zilikuwa zimeenea wilaya nzima, hakupatikana mnunuzi, na kwa kuwa gari lake zuri alikuwa amelitoa kwa mdomo wake, Gozbert alikuwa hana budi kuendesha alichokuwa anauza. Aliponyoosha mkono kuwasimamisha, Minani akatazama nyuma.

"Endesha!" Deodata alisema. Akashusha kioo, akapiga kelele, "Tutakuvuta tukirudi, mwanangu!"

Evarista, katikati ya uchungu, alicheka. Minani akaibembeleza gia ya pili, ikakubali, na Bihogo akapanda.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, wa kiume, mwenye sauti ya kugombana na dunia. Deodata alimsikia akiwa nje ya dirisha, akakaa chini palepale kwenye ngazi. Alilia waziwazi. Baadaye kidogo muuguzi mmoja alitoka mbio na redio mikononi, anapiga kelele kwamba Kampala imeanguka, vijana wetu wamo mjini, na hospitali nzima ikalipuka kwa vifijo; wagonjwa walioletwa kwa machela walikuwa wamesimama. Methusela alimkumbatia mtu asiyemjua. Deodata alimfikiria Emilian, ambaye alikuwa na mtoto na bado hajui.

Alijifuta uso, akaenda hadi kwenye gari. Mvua ilikuwa imekatika. Aliweka kiganja juu ya boneti, na safari hii hakukiondoa.

"Lina moto?" Methusela aliuliza nyuma yake, kwa heshima ya mtu anayetaka kujifunza.

"Lina moto," alisema. "Lakini huu kaupata kwa kazi."

Akafungua mlango wa nyuma, akatoa ile kamba.

"Haya, Minani. Tukamvute yule mtu."